Mpira wa Rejeta na Kopo la Ugoro

Vijana wa gereji, mmeniomba niandike nasaha kwa kuwa sasa nimestaafu. Nasaha sina. Nilichonacho ni magoti mabovu, masikio yanayotambua beringi iliyokufa kabla gari halijakata kona, na hasira kidogo ambayo miaka haikuimaliza. Nitaandika kwa hivyo vitatu. Anayetaka hotuba asubiri mahafali.

Na tuwekane sawa mapema. Mimi sikustaafishwa. Niliweka spana chini mwenyewe, asubuhi niliyoshindwa kutoka chini ya pikapu ikabidi nivutwe miguu kama gunia la mkaa. Waliotaka kunistaafisha walijaribu zamani, wakati bado naweza kubeba gia boksi kifuani. Walishindwa, na habari zao ndizo hizi.

Nilianza kazi kwenye karakana ya kampuni moja ya umma ya malori, hapa hapa Morogoro, nikiwa msichana wa kufagia. Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Siku ya pili nilipewa debe la mafuta ya taa na rundo la nati na bolti zilizoganda matope, nikaambiwa nizioshe. Niliziosha, kisha kwa kuwa hakuna aliyeniambia nizimwage wapi, nikazipanga chini kwa mstari, kila nati na bolti yake, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Mzee Haule, fundi mkuu, akapita na kikombe chake cha chai ya rangi, akasimama.

"Nani kapanga hivi?"

"Mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho njoo na suruali."

Ndiyo usaili wote niliofanyiwa maishani. Nilikwenda na suruali ya marehemu baba nimeikunja miguu mara tatu, na wanaume wa karakana wakacheka hadi saa nne ya chai. Baada ya chai Mzee Haule aliniingiza mkono kwenye upenyo wa injini ambao wao wote walikuwa wameshindwa kupenya kwa sababu ya mikono yao minene, nikatoka na bolti iliyowahangaisha tangu juzi. Kicheko kilipungua. Hakikuisha, kilipungua tu, na mimi nilikwishaamua kwamba hicho kilichobaki nitaishi nacho.

Mzee Haule alikuwa mtu wa Songea, mfupi, asiyepoteza maneno. Alinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio. Alinifundisha kutomkatiza mtu anayefikiri. Akanitengenezea plaizi yangu: alichukua moja ndefu, akaipasha kwenye moto wa mkaa, akaipinda mdomo pembeni ili ifike mahali ambapo mkono wangu unafika lakini macho hayafiki. "Hii ni ya mikono midogo," alisema, "usimwazime mtu." Sijamwazima mtu mpaka leo, na mnaojua jinsi mlivyoiomba mnajua.

Lakini alinifundisha na kosa moja, na nikilificha nitakuwa nawadanganya. Katika ile miaka ya shida, spea hazikuwepo. Mpira wa rejeta, unaopitisha maji ya kupozea injini, ukipasuka tuliufunga kwa vipande vya tyubu na waya. Themostati, kile kidude kinachozuia maji ya injini yasitoke kwenda rejeta mpaka yapate moto, ikikwama imefunga, lori huchemka; na kwa kuwa hakukuwa na nyingine ya kuweka, tuliing'oa tukaacha tundu wazi. Malori yetu yalivumilia. Ilikuwa dawa ya shida, basi. Ila dawa ya shida ukiinywa miaka kumi unaiona chakula. Ikafika siku tukaletewa lori jipya kabisa, viti bado vina nailoni, na kazi ya kwanza tuliyolifanyia ni kulitoa themostati. "Nchi ya joto hii, ya nini?" ndivyo tulivyosema wote, na mimi kwa sauti kuliko wengi. Mlangoni mwa stoo palikuwa na ndoo imejaa themostati nzima kabisa.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Maduka yakafumuka mjini kama uyoga baada ya mvua, redio kila kibaraza, na magari ya mtumba kutoka Ujapani yakaanza kupita barabarani yakinong'ona badala ya kunguruma. Kampuni yetu ikauzwa. Siku ya kutupunguza, bwana mmoja mwenye tai alitupanga uani akatuambia kwamba magari yanayokuja si ya mafundi wa nyundo. Mzee Haule akamsikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaondoka kwenda kwao Songea bila kuaga mtu ila mimi. Niliitia plaizi yangu ndani ya khanga, nikatoka nayo.

Nilihamishia kazi nyumbani, Mwembesongo, kwenye uwanja wa marehemu mama. Uwanja wenyewe una mteremko, upande wa juu uko mlimani na geti liko chini, na mama aliulaumu maisha yake yote kwa sababu kila mvua maji yalimfuata jikoni. Nikachimba mfereji, nikatundika turubai, nikaweka mawe ya kuegeshea magari, na kwa kuwa sikuwa na kibao nikaandika FUNDI kwa oili chafu ukutani. Majirani waliguna. Mmoja akanifuata kuniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia ametoka, nimpe salamu gani akirudi.

Sasa, kwa sisi Waluguru, ardhi hupita kwa mama. Uwanja ule ulikuwa wa mama, wa bibi kabla yake, na mimi nilikuwa na haki ya kukaa. Ila mbele ya ukoo, anayeusemea ni mjomba. Mjomba wangu Kibwana alikuwa anaishi Kinole, juu milimani, na kila aliposhuka kuuza ndizi na mdalasini alilala kwangu. Alinipenda, sina shaka na hilo. Alichokuwa hakipendi ni mimi kulala chali chini ya gari mbele za watu. Na wakati huo alikuwa amepata mfanyabiashara wa mabati aliyetaka kuukodi uwanja wote, ausawazishe kwa trekta, ajenge duka. "Ulimwengu umefunguka, mwanangu," alinieleza. "Watu wanauza. Wewe unapaka oili." Nilimwambia nisipopaka oili watakaouza watabeba bidhaa kwa kichwa. Akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akaacha maneno hapo. Lakini alikuwa ameyaacha kama mtu anavyoacha jembe shambani, ili alirudie.

Hapo ndipo lilipokuja lile gari.

Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili, limelala chini hivi kwamba kuingia ni kama kukaa kwenye mkeka. Mwenyewe alikuwa Dokta Kaijage, mhadhiri, mtu wa Bukoba, mpole, aliyerudi kutoka masomoni nje akashuka nalo bandarini. Mpira mmoja wa maji ulikuwa umempasukia. Alikwishapita gereji tatu mjini. Kwenye ya kwanza, fundi alifungua boneti ya mbele akakuta rejeta na tairi la akiba, akafunga taratibu kama mtu aliyeingia nyumba si yake. Injini ilikuwa nyuma ya viti. Ya pili walisema gari la namna hiyo lirudi lilikotoka. Ya tatu waliuzungushia mpira ule vipande vya tyubu, ukafika mzunguko wa kwanza wa barabara ukatema tena.

"Shikamoo," Dokta alinisalimu, ingawa sikumzidi kwa mengi. "Nimeambiwa hapa kuna mama ana mikono midogo."

"Marahaba. Mikono hiyo hapa. Egesha."

Mjomba alikuwepo siku hiyo, amekaa kibarazani na kopo lake la ugoro. Nilimwona anavyolitazama gari, na anavyonitazama mimi. Nikasema moyoni, leo utaona.

Mpira wenyewe ulikuwa mahali pabaya pasipo mfano, kati ya injini na ukuta wa nyuma ya viti. Niliacha injini ipoe mchana kutwa, kwa sababu anayefungua maji ya moto kwa haraka hurudi nyumbani na uso mwingine. Nikakinga beseni chini, nikamwaga maji. Klipu zinazoubana mpira sikuziona kabisa, nilizipapasa kwa plaizi ya Mzee Haule mpaka mdomo wake ukang'ata, nikazirudisha nyuma. Mpira ulikuwa umeshikana na shingo ya chuma. Hapo vijana wengi huvuta, na ukivuta unavunja shingo, na shingo haina spea. Nikauchana kwa wembe kwa urefu, ukafunguka wenyewe. Nikasugua shingo kwa msasa mpaka kidole kikateleza.

Mpira mpya haukuwepo Morogoro. Nilipanda basi hadi Dar na ule uliopasuka mkobani, nikaingia duka moja hadi jingine nikiuweka mezani badala ya kuueleza, maana mpira hauelezeki. Duka la saba nilipata wa pikapu, mnene sawasawa, wenye kona ileile katikati, mrefu kupita kiasi. Muuzaji akaniambia huo si wa gari hilo. Nikamwambia mpira haujui uliandikwa jina gani. Nikarudi, nikaukata, nikauvalisha, klipu nikaiweka upana wa kidole kutoka mwisho wa mpira, nikaikaza ya kutosha tu. Ulikaa kama ulizaliwa pale. Mpaka leo kazi ile siionei haya hata kidogo.

Kisha nikafanya nililolifanya. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, Dokta yuko pembeni, Mjomba kasogea. Nikafungua nyumba ya themostati, nikaitoa, nikaiinua juu wote waione, kidude cha shaba chenye ukingo wa mviringo na springi, nikasema, "Hiki hakina kazi nchi hii." Nikamrushia Mjomba. Akakidaka. Kifuniko cha kopo lake la ugoro kilikuwa kimepotea muda mrefu, anafunika kwa jani la mgomba. Akajaribu kile kidude, springi ndani ukingo juu, kikakaa sawasawa. Watu wakacheka. Mjomba akapanda Kinole nacho kesho yake asubuhi.

Asubuhi hiyohiyo Dokta naye aliondoka kwenda Dar. Alifika Mikese. Hapo, mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwangu, mshale wa joto ulipanda mpaka juu na gari likafuka nyuma kama tanuri la mkaa. Bahati yake alizima mara moja. Lilirudi limevutwa kwa kamba nyuma ya lori la vitunguu, na kwa kuwa njia ya kuja kwangu inapita katikati ya soko, mji mzima uliliona. Waliokuwa wamecheka karakanani sasa walicheka mtaani. Jirani yule aliyemuulizia fundi akaniuliza tena kama amerudi.

Habari hupanda mlima haraka kuliko lori. Siku ya pili nikapata ujumbe kutoka Kinole: Ijumaa inayofuata ukoo utakaa, na mbele yao ni suala la uwanja na mtu wa mabati. Sikuhitaji kufafanuliwa. Nilikuwa nimeshindwa gari hadharani, na Mjomba alikuwa amerudi kuchukua jembe lake.

"Nikupe siku ngapi, mama?" Dokta aliniuliza. Mwingine angenitukana, na ningejua la kumjibu. Upole wake ndio ulioniumiza.

"Nne."

"Chukua nne."

Nililia siku hiyo, niseme ukweli, nimekaa ndani ya gari lenyewe kwenye kiti cha abiria, vioo vimepandishwa. Nililia kwa hasira, maana niliuona uwanja wa mama umesawazishwa na mabati yamepangwa juu ya mfereji wangu. Kisha nikatoka, nikawasha injini, nikafanya alichonifundisha Mzee Haule, nikatulia, nikasikiliza, kisha nikashika. Mpira wangu mpya mkavu, hakuna tone. Injini moto. Nikaenda mbele nikagusa rejeta. Baridi. Injini inachemka na rejeta ni baridi kama mtungi! Basi maji hayaendi mbele. Yanazunguka wapi?

Nikafungua tena nyumba ya themostati, nikaingiza kidole. Ndani kulikuwa na mdomo mwingine, mdogo, ambao malori yetu hayakuwa nao. Nikakumbuka kwamba kile kidude nilichokirusha kilikuwa na kisahani mguuni, chini ya springi. Nilikishika mkononi, nikakiona, na sikukitazama. Kilikuwa Kinole, juu ya ugoro.

Kesho yake nilidandia lori la kubeba ndizi ambalo breki zake nilizitengeneza mimi, kwa hiyo nilipanda mlima ule nikiwa na amani. Mahali lilipoishia nikatembea, katikati ya migomba na mipilipili manga, mpaka kwa Mjomba. Nilimkuta kainama juu ya mpira mweusi wa maji, ule unaoteremka kutoka chemchemi iliyo juu ya nyumba yake. Njiani mpira unapanda juu ya mzizi mkubwa kisha unashuka. Pale kwenye nundu alikuwa ametoboa tundu dogo na kulifunga kwa kijiti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Subiri kidogo, maji yamegoma." Akachomoa kijiti. Ule mpira ukatoa pumzi ndefu, ukakohoa, kisha maji yakaruka kupitia tundu yakamlowesha kifua. Akarudisha kijiti. Kule chini uani ndoo ikaanza kulia. "Upepo," alisema. "Hukaa kwenye nundu. Gari limekufa?"

"Halijafa. Nimefuata kile kidude."

"Kipi?"

"Hicho ulichofunikia ugoro."

Akalitoa kopo mfukoni, akalitazama. "Ulisema hakina kazi."

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, mjomba. Nilikosea."

Akaligeuza kopo mkononi. Nadhani alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hivyo, na ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa sijajisikia. "Sasa tuelewane," alisema. "Nakupa. Likichemka tena, Ijumaa unasimama wewe mwenyewe mbele ya ukoo unasema uwanja ukodishwe. Sitaki niseme mimi, halafu unilie."

"Na lisipochemka?"

"Lisipochemka nitajua la kusema."

"Basi utakuja ujionee. Gari lina viti viwili. Kimoja chako."

Nikaomba sufuria. Mke wa mjomba akanipa ya zamani, isiyo ya chai, na alifanya vizuri. Nikachemsha maji, nikakitumbukiza kile kidude kimefungwa kwa uzi. Harufu ya tumbaku ikajaa jiko, mama wa watu akatoka nje akipiga chafya. Mimi na Mjomba tukainama juu ya sufuria kama watoto wanaosubiri mahindi. Maji yalipokaribia kuchemka, kidude kikaanza kujifungua chenyewe, polepole.

"Kinajuaje?" Mjomba alinong'ona.

"Kina nta tumboni. Ikipata moto inavimba, inakisukuma."

Na hapo nikaona nilichokuja kukiona. Kilipofunguka juu, kile kisahani cha mguuni kilishuka chini. Kilishuka kuziba ule mdomo mdogo! Mdomo ule ulikuwa njia ya mkato. Injini ikiwa baridi, maji huipita yakazunguka humo humo mpaka yapate moto. Yakishapata moto, kidude hufungua njia kuu ya rejeta na papo hapo huziba ya mkato. Mimi nilipokitoa niliiacha ya mkato wazi siku zote, na maji yana uvivu kama watu, yakapita pa karibu. Gari halikuchemka kwa sababu ya joto la nchi. Lilichemka kwa sababu mimi, fundi, nilikuwa nimelifanyia dawa ya ugonjwa usiokuwa wake.

Niliposhuka bonde lile niliwaza na kile kijiti. Kutoka nyuma hadi mbele ya gari mabomba ya maji ni marefu kuliko kitanda, yanapanda na kushuka, na kule mwisho, juu ya rejeta, kuna tundu dogo lenye skrubu ambayo sikuigusa. Tena maji hujazwa nyuma, kwenye injini. Nami uwanjani kwangu nililiegesha gari kama magari yote yanavyoingia getini, pua juu mlimani. Rejeta iko juu, mahali pa kujazia pako chini. Nani amewahi kuona chemchemi ikiwa bondeni na nyumba mlimani?

Nilirudisha themostati mahali pake, nimeiosha mara tatu, na gasketi mpya niliyoikata kwa karatasi ngumu. Kisha nikaita majirani. Tukalisukuma gari nje, tukaligeuza, tukaliingiza kinyumenyume, matako juu mlimani na pua getini, na bado nikainua nyuma kwa jeki nikaweka mawe. Mteremko ule ambao mama aliulaumu, na mtu wa mabati alitaka kuufuta kwa trekta, ndio ulionifanyia kazi. Nikajaza maji kidogo kidogo. Nikaenda mbele nikalegeza ile skrubu. Ikazomea, ikakohoa, ikatema povu. Nikajaza, nikalegeza, nikajaza, karibu saa nzima, mpaka ikatoa maji matupu bila pumzi. Aliyewahi kutoa upepo kwenye breki anajua raha ya sauti hiyo.

Alhamisi Mjomba alishuka. Kumwingiza ndani ya gari lile kulihitaji watu wawili na maneno kadhaa ambayo siandiki. Alikaa magoti karibu na kidevu, kofia imegusa paa, kopo la ugoro mkononi. Halikuwa na kifuniko tena, kwa hiyo alilifunika kwa kiganja. Dokta alibaki uwanjani kwangu, kakaa juu ya debe, akanikabidhi funguo kwa mikono miwili.

Tulitoka. Mjomba hakuitazama barabara hata mara moja, macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto. Ulipanda, ukafika katikati, ukasimama. "Umesimama," alisema. "Unatakiwa usimame," nilimjibu. Tulipokaribia Mikese mshale ukanyanyuka kidogo, upana wa uzi. Kisha ukashuka tena mahali pake, kama mtu aliyechungulia dirishani akaridhika. Nikajua kidude kimefunguka. Tukapita pale gari lilipofungwa kamba. Nilikwenda mbele zaidi kwa makusudi kabisa, nikageuza, nikarudi, na sokoni nilipita taratibu, vioo chini, ili wote waliolitazama mara ya kwanza walitazame tena.

Kwenye tuta la mwisho kabla ya nyumbani gari liliruka kidogo, kiganja cha Mjomba kikateleza, na nusu ya ugoro ikamwagika ndani ya lile gari la watu. Alipiga chafya kumi na mbili. Nilipozima injini uwanjani alikuwa anafuta machozi.

"Kile kidude kimo?" aliniuliza.

"Kimo."

"Hakitoki tena?"

"Hakitoki."

"Basi nitafutie kifuniko kingine."

Niliuokota ule mpira wa zamani uliopasuka, nikakata kipande kwa wembe uleule, nikakishona mdomo mmoja kwa waya mwembamba ukaziba kama kofia. Kilikaa vizuri kuliko shaba.

Ijumaa ukoo ulikaa. Mtu wa mabati alikuwepo nje ya uzio, amevaa shati jipya. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, mengine makali, na sikuyatumia. Mjomba alikaa mkekani, akatoa kopo, akavuta kile kifuniko cheusi cha mpira, akanusa kwa utaratibu wake wote, akafunika. "Uwanja ule una kazi," alisema. "Tuendelee na mengine."

Miaka yote iliyobaki mnaijua, maana wengi wenu nimewafundishia hapo. Mzee Haule nilimwandikia barua kuhusu themostati. Alinijibu kwa mstari mmoja, kwamba anaumwa mgongo na kwamba ile ndoo ya mlangoni mwa stoo anaiota. Mjomba Kibwana alifariki kwao Kinole, na kwenye mgawo wa vitu vyake wenzangu walichukua mapanga na redio. Mimi nilipewa kopo.

Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja nadhifu, ana simu mbili. Alisikia nimestaafu, akasema pole na hongera kwa pamoja, akasema sasa uwanja umekaa bure, yuko tayari kuukodi na kuusawazisha. Wakati huo mpwa wangu Asha, binti wa dada yangu, alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, na plaizi iliyopinda mdomo iko mkononi mwake. Nilisema sijamwazima mtu. Yeye sikumwazima, nilimpa.

Nilimwambia yule kijana asubiri. Nikatoa kopo mfukoni, nikavuta kifuniko cha mpira. Ugoro sivuti, ndani naweka nati ndogo. Nikazitazama kwa utaratibu wote, nikafunika.

"Uwanja huu una kazi," nilimwambia.